Kimya cha Maimuna

"Maimuna, umewaambia nini mle ndani?"

"Sijawaambia kitu."

"Ndiyo nakuuliza, umewaambia nini?"

"Si nimekujibu, Abdul? Sijawaambia kitu chochote."

Abdulhamid akasimama palepale nje ya geti la ubalozi, jua la mchana linamwaka utosini, askari anamtolea macho asogee. Hakusogea. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu na bado anatafuta nani kampiga. Maimuna akautazama uso ule. Tangu waoane hajawahi kuuona.

"Yule mama mzungu unajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Mke wako anakuogopa?' Mimi, Mai! Kaniuliza kama niliwalipa wazazi wako nikakuchukua kwa nguvu."

"Yallah! Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hapana. Halafu nilipomaliza kusema hapana, moyo nao ukaniuliza: una uhakika?"

Niwaeleze kidogo, maana nawajua, mtaanza kugombana kwenye komenti kabla hamjaelewa. Abdulhamid anafanya kazi ya kulea wazee kwenye nchi moja ya baridi. Nchi siitaji, isije ikaninunia siku na mimi nikaomba viza. Alimuoa Maimuna mwaka jana, binti wa Msimbazi mwenye duka la mabaibui na mitandio Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Baada ya fungate akarudi kazini, ndoa ikabaki inalelewa kwenye simu. Sasa kaja likizo, wameitwa kuhojiwa ili mke apewe ruhusa ya kumfuata mumewe. Akinyimwa, mume anarudi peke yake, na ndoa za simu tunajua zinavyoishia.

Mle ndani kulikuwa na yule mama mzungu, na pembeni yake mkalimani. Mkalimani mwenyewe mzee wa heshima, mvi zimejaa, kakaa kama baba mkwe. Maimuna alipoingia tu akamwamkia, "Shikamoo baba," mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu." Mambo yakaharibikia hapo. Kwa sababu swali lililofuata lilikuwa hili: "Mwanangu, huyu mama anauliza, unataka kwenda kuishi na mumeo? Unamtaka kiasi gani?"

Jamani! Wewe mtoto wa kike wa Kiswahili, uliyefundwa ukafundika, utamtazama mzee wa makamo ya baba yako umwambie namtaka mwanaume kiasi hiki? Maimuna akainamisha macho, akauma ncha ya mtandio, akanyamaza. Akaulizwa mara ya pili, akanyamaza zaidi. Kwao msichana akinyamaza ndiyo kasema. Yule mama mzungu yeye akaona mwanamke anatetemeka hawezi kusema kama anamtaka mumewe, akaandika alichoandika.

"Siku ya ndoa yetu," Abdulhamid aliendelea, sauti imeanza kukwaruza, "sheikh alikuja mlangoni na mashahidi akakuuliza, umeridhia? Ukanyamaza. Shangazi zako wakasema kunyamaza kwake ndiyo idhini, vigelegele vikapigwa. Nikafurahi. Nikasema ni aibu ya bibi harusi. Leo je? Leo nani alikuwa bibi harusi?"

"Abdul, yule mzee alikuwa kama baba..."

"Sijamaliza. Nikikuandikia kwamba nakufa kwa kukukumbuka, unanijibu nini?"

Maimuna kimya.

"Unanijibu, 'Umekula?' Mwaka mzima, Mai. 'Umekula? Umelala? Mungu akulinde.' Hujawahi kuniambia unanipenda. Hata siku moja."

Abdulhamid akasimamisha bajaji.

"Panda urudi dukani. Wamesema watakupigia simu wiki hii, siku yoyote, na wakikupigia uwe peke yako. Wakisikia sauti yangu faili linafungwa. Basi mimi naenda Kigamboni kwa mama."

"Utarudi lini?"

"Nitakuja. Nina neno nataka kukuambia, ila si leo."

Bajaji ikaondoka. Maimuna akashika chuma cha mbele kwa mikono miwili. Neno. Mwanaume wa pwani akisema ana neno na mkewe, halafu akavuka maji kwenda kwa mama yake, mwanamke haulizi ni neno gani. Analijua. Ni lilelile linalotamkwa mara moja na kuvunja nyumba.

* * *

"Yesu na Maria! Ukanyamaza?"

Huyo ni Euphrasia, jirani yake wa duka. Mchaga wa Rombo, anauza vitenge kwa jumla, na Kiingereza chake kakijenga mwenyewe kwa kugombana na Wachina usiku na mchana.

"Nilinyamaza, Eufra. Nilishindwa."

"Sisi kwetu mwali akinyamaza ujue kakasirika, ukoo mzima unaanza kufungasha majani ya masale ya kuombea msamaha! Kwa hiyo sasa?"

"Sasa watapiga simu. Nilipokuwa natoka nilimwomba yule mzee amwambie yule mama mzungu, akipiga aongee na mimi mwenyewe kwa Kiingereza. Pasiwe na mkalimani."

"Wewe na Kiingereza wapi na wapi?"

"Nilisoma sekondari, Eufra, kimelala tu. Na bora hicho. Kwa Kiswahili siwezi. Nikifungua mdomo naona baba, naona bibi, naona mashangazi wote wamenikalia. Kiingereza hakina baba yangu ndani."

Euphrasia akavuta stuli, akafunga kikokotoo chake.

"Haya kaa. Wao hawana 'sana' moja kama sisi. Wana masana mengi, na kila moja lina bei yake. Ukikosea, umekwisha. Sikiliza. 'Slightly.' Huyo ni mteja anapita zake kituoni, anauliza bei huku anatembea. Anataka, lakini hata asipopata analala usingizi."

"Slightly."

"'Keenly.' Huyo ni mama wa Upanga. Kaingia, kakishika kitambaa, anakipapasa, anakigeuza upande wa pili. Nia anayo, haraka hana."

"Keenly. Halafu?"

"'Eagerly.' Mzigo umeshatoka China, uko baharini, na wewe umeshapanga shelfu, kila asubuhi unafagia pale utakapouweka. 'Anxiously,' mzigo umeambiwa umefika lakini huuoni. Unapiga simu haipokelewi. Tumbo linakata."

"Hiyo ndiyo mimi," Maimuna akasema haraka. "Hiyohiyo ya tumbo."

"Hiyo usiseme, ataona una hofu, na hofu ndiyo wanayoitafuta."

"Na ya juu kabisa?"

Euphrasia akasita. Akashusha sauti kana kwamba kuna mtu wa ubalozi kajificha kwenye majora.

"'Desperately.' Kontena limekwama bandarini, mteja kakaa dukani kwako analia, harusi ni kesho, na wewe huna hata kipande cha kumpa. Uko tayari kwenda kulivunja kontena kwa meno. Lakini hilo usiliguse, shosti! Nisikilize vizuri. Ukimwambia 'desperately' ataandika: huyu anakimbia njaa, akifika huku hatoki."

"Nikisema la chini ataandika nimelazimishwa."

"Ndiyo hapo. Kama bei tu. Taja juu, mteja anakimbia. Taja chini, anadhani ni feki. Wewe shika 'eagerly.' Ipo katikati, ina tabasamu."

"Eagerly," Maimuna akarudia. "Eagerly. Eagerly."

Akalirudia akifunga duka, akalirudia akikoroga uji, akalirudia kitandani upande wake mmoja huku ule mwingine ukiwa mtupu. Na kila alipolirudia, lile neno jingine, la Abdulhamid, lilijibu kutoka ng'ambo ya maji.

Siku zile simu ilikuwa kama bomu mfukoni. Ikilia, anaikimbilia. Mara kampuni ya simu inamtangazia bando. Mara mteja anauliza kama mtandio wa kijani umeingia. Akaacha kula mchana, akiogopa simu isije ikamkuta na tonge mdomoni.

Mara ikalia, akapokea bila kuangalia, "Hello, yes, madam?"

"Madam nani? Ni mimi bibi yako."

Bibi Kijakazi, aliyemlea tangu akinyonya.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Nasikia ulihojiwa na wazungu. Wakakuuliza habari za mumeo. Uliwajibu?"

"Nilinyamaza, bibi."

"Ahsante! Umenitoa kimasomaso. Mwanamke hajitangazi, si nyanya za kupangwa mafungu barabarani."

"Bibi... wewe na babu. Ulishawahi kumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba unampenda."

Kimya kilikuwa kirefu hadi Maimuna akadhani simu imekatika.

"Tokaa hapa! Unanimalizia vocha," bibi akasema, na safari hii ikakatika kweli.

Usiku huohuo ikaingia meseji. Abdulhamid.

*Bado hawajapiga?*

*Bado.*

*Sawa. Kesho nitapita dukani. Lile neno halifai kukaa sana.*

Maimuna akaandika: *Umekula?* Akakitazama alichoandika, akaona aibu, akakifuta. Akaandika neno jingine, akalifuta pia. Mwisho akatuma *sawa*, akageukia ukutani akalia mpaka mto ukalowa.

* * *

Kesho yake Kariakoo ilikuwa imefurika. Mbele ya duka kabisa alikuwa kasimama muuza sumu na spika yake, ile sauti iliyorekodiwa inayozunguka bila kumeza mate: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, wote wanakufa!" Maimuna anampimia mteja baibui, simu ikalia. Namba ndefu isiyo ya Tanzania.

Baibui likamponyoka.

"Ni wao! Eufra! Ni wao!"

"Pokea! Usiingie stoo, mtandao hakuna! Simama hapohapo!" Euphrasia akamvuta mteja nje kama anayeokoa mtu kwenye moto.

"Hello?"

Ilikuwa sauti ya yule mama, kavu, ya mbali. Akauliza kama yuko peke yake.

"Yes, madam! Only customers!"

"Viroboto, wote wanakufa!" ikasema spika.

"Mume wako yupo karibu?"

"No, madam!"

Na wakati anasema hivyo, Euphrasia aliyekuwa barazani akageuza shingo, damu ikamkauka. Abdulhamid huyo, anapenya kati ya mikokoteni, kanzu nyeupe, uso umekazwa, anakuja moja kwa moja dukani na mdomo umeshafunguka kuita jina la mkewe.

Euphrasia ni mwanamke mnene na hakuwa na muda wa adabu. Alimvaa, akamsukumia nyuma ya mabaibui yaliyotundikwa mlangoni, akamzibia mdomo kwa kitenge alichokuwa nacho begani.

"Ubalozi!" akamnong'oneza. "Ukikohoa tu, umemuua."

Abdulhamid akatulia. Macho tu ndiyo yalibaki nje.

Maimuna hakuona chochote. Alikuwa kafumba macho, kaziba sikio moja kwa kidole.

"Unaogopa mtu, Maimuna?" sauti ikauliza kwa Kiingereza cha polepole.

Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Angesema hapana, sauti ingemsaliti.

"Yes, madam. I am afraid."

"Unamwogopa nani?"

"You, madam."

Maimuna akajua amekwisha. Nani anamwambia mtoa viza kwamba nakuogopa wewe?

"Nauliza tena kile ulichoshindwa kunijibu," sauti ikasema, na haikuwa kavu kama mwanzo. "Unataka kwenda kwa mume wako? Kiasi gani?"

"Eagerly!" Maimuna akapiga kelele kuishinda spika. "Eagerly, madam!"

"Hilo neno umefundishwa?"

Uongo ulikuwa hapo mlangoni, mwepesi kabisa. Hakuuchukua.

"Yes, madam. My neighbour taught me."

"Kwa hiyo si lako. Nataka kusikia lako. Nikikukatalia viza leo, utafanya nini?"

Nyuma ya mabaibui, Abdulhamid aliacha kupumua. Euphrasia, mkono mmoja bado uko mdomoni mwa mume wa mtu, wa pili alikuwa anampungia muuza sumu azime spika, azime, azime kwa jina la Yesu.

Maimuna akafumbua macho. Aliona duka lake, mitandio yake, mtaa aliouzoea. Hapakuwa na baba mle, wala shangazi. Palikuwa na Kiingereza kitupu, nyumba ya mtu mwingine, na ndani ya nyumba ya mtu mwingine angeweza kulia kwa sauti.

"Madam, your country, I want it slightly. Slightly only! It is cold! But my husband..."

Muuza sumu akazima spika. Mtaa ukanyamaza ghafla.

"...my husband I want DESPERATELY!"

Neno likatoka dukani likavuka barabara. Mwenye viatu akageuka. Wapagazi wakasimama na mizigo kichwani. Maimuna hakuwaona, alikuwa keshafungua bomba na maji hayarudi tena. Akasema kwa Kiingereza chake kilichokatikakatika kwamba nchi yao wabaki nayo wakitaka. Wakimnyima viza atamtaka mumewe vilevile, hapahapa Kariakoo, na kwenye simu, na akiwa kaburini. Kwamba mle ofisini alinyamaza kwa sababu kwao jambo kubwa halitamkwi mbele ya mzee, na yeye hili ndilo jambo lake kubwa kuliko yote. Kwamba anaogopa mumewe ana neno la kumwambia, na neno hilo likitoka yeye atakufa, na viza atampelekea nani?

Kisha ile sauti ikasema kwa Kiswahili kibovu, taratibu, "Asante, Maimuna," simu ikakatika.

Maimuna akakaa chini kwenye sakafu, katikati ya mitandio. "Nimelisema," akalia. "Eufra, nimelisema lile uliloniambia nisiliguse. Nimeharibu."

Mabaibui yakafunguka. Akatoka Abdulhamid, nywele zimetimka, kitenge kinaning'inia shingoni.

"Abdul! Upo hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu viroboto."

Maimuna akajifunika uso wote kwa mtandio. Angepata shimo angeingia.

"Ulisema una neno," akasema kutoka mle ndani ya mtandio, sauti inatetemeka kuliko kwenye simu. "Liseme basi. Nilisikie nijue moja."

Abdulhamid akachuchumaa mbele yake.

"Nilikuja kukuambia kwamba kama hunitaki sikulazimishi. Nikuache huru. Nilikuwa nimelishika mdomoni tangu kwenye pantoni pale Magogoni."

"Na sasa?"

"Nimelimeza, Mai. Tena nikiwa nimezibwa mdomo na Mchaga, sikuwa na namna nyingine."

Barazani Euphrasia akafyonza, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nisamehe," Abdulhamid akasema. "Nilikuuliza kwa hasira. Sasa nakuomba kwa upole. Sema tena. Kwa Kiswahili, mara moja tu, nisikie."

Mtandio ukashuka polepole. Maimuna akamtazama mumewe, akafungua mdomo. Akaufunga. Macho yakainama, ncha ya mtandio ikarudi kwenye meno. Wote wakasubiri, hata wale wapagazi.

"Umekula?" akauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Abdulhamid akaanza kutabasamu, tabasamu likamkatikia njiani, akalia mbele za watu bila kujificha.

"Bado," akasema. "Bado, mke wangu. Sijala tangu niondoke."

* * *

Jibu la ubalozi lilikuja kwa meseji fupi, viza imetoka. Euphrasia ndiye aliyeisoma kwanza, akaisoma tena kwa sauti, akampa muuza sumu kitenge bure.

Siku ya safari Maimuna alikwenda Msimbazi kuaga. Babu alikuwa uani kwenye kiti chake, anasikiliza redio. Bibi Kijakazi akamvuta mjukuu wake jikoni, akafunga mlango.

"Kariakoo nzima inasema umemtangaza mume kwa kipaza sauti."

"Spika ilikuwa imezimwa, bibi."

"Nyamaza. Umenitia aibu, sina pa kuuweka uso wangu." Akapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Hilo neno lenyewe. Linatamkwaje?"

"Neno gani, bibi?"

"Usinifanye mtoto! La Kizungu. Ulilolisema."

Maimuna akalitamka taratibu. Bibi akalirudia kwa midomo bila kutoa sauti, akalirudia tena, akajifunga upya khanga yake, akafungua mlango akaenda uani. Maimuna akachungulia dirishani.

"Mzee," bibi akasema.

Babu akapunguza redio. "Naam?"

"De-spe-ret-li."

Babu akamtazama mke wake. "Ndiyo kusema nini hiyo, Kijakazi?"

Bibi Kijakazi akainamisha macho, akauma ncha ya khanga, akanyamaza.